Bima ya nyumba ya kupangisha Florida imepaa: nipunguzie wapi?

Mpangishaji_Pinellas

Wakuu, habari za humu. Nina nyumba ya kupangisha Pinellas Park, Florida, ila mwenyewe naishi Minnesota. Ni ya bloku, ya 1986, vyumba vitatu, paa la vigae vya lami lililobadilishwa 2013. Mpangaji yuko kwa mkataba wa mwaka mzima, pango dola 2,300 kwa mwezi. Bima ni DP-3 (aina pana ya bima ya nyumba ya kupangisha), jengo limekatiwa dola 340,000, na kikija kimbunga asilimia 2 ya mwanzo najibebea mwenyewe.

Mwaka jana ada ilikuwa dola 3,900. Barua ya kuhuisha imekuja na 6,200, yaani zaidi ya asilimia 22 ya pango lote la mwaka, bado kodi ya jengo na rejesho la benki. Nyumba haina historia ya madai. Wakala kanipa njia tatu: nipandishe kiasi cha kujibebea kifike asilimia 10, au nishuke kwenye DP-1 (aina finyu zaidi), au nihamie kampuni ya soko la ziada ambayo haimo kwenye mfuko wa dhamana wa jimbo. Ipi ina madhara kidogo? Na kwenye nyumba yenyewe kuna cha kufanya? Fomu ya ukaguzi wa upepo niliyonayo ni ya 2017, niliirithi kwa aliyeniuzia.

---

FundiPaa_727

Mkuu, anzia hapo ulipomalizia. Fomu hiyo (OIR-B1-1802) uhai wake ni miaka mitano. Ya 2017 ilishakufa. Sheria ya Florida inazitaka kampuni zitoe punguzo kwa nyumba zinazohimili upepo, lakini bila fomu hai ni kama paa lako limeshikwa na misumari ya kubahatisha. Ukaguzi mpya mara nyingi ni dola 75 hadi 150. Kabla ya hizo njia tatu za wakala, tafuta mkaguzi.

Kitu kingine: punguzo linakata sehemu ya upepo tu kwenye ada, si ada nzima. Fungua ukurasa wa mbele wa mkataba, utaona upepo umetengwa na moto, wizi na mengine. Kwa kaunti ya Pinellas, upepo ndio unaokula fungu kubwa, kwa hiyo ndipo pa kupigana.

Mkaguzi atapanda juu ya dari akiwa na tochi, futi na kamera. Anayotazama, na yanapoharibikia:

Umri wa paa. Si mwaka unaoukumbuka wewe, ni tarehe ya kibali. Paa lililoombewa kibali baada ya 1 Machi 2002 linahesabiwa liko chini ya kanuni mpya za ujenzi za Florida. La kwako la 2013 limo, mradi aliyeezeka alichukua kibali. Tafuta kwenye mtandao wa manispaa kwa anwani ya nyumba, uchapishe namba yake umpe mkaguzi. Kama hapakuwa na kibali, hilo nalo heri ulijue leo.

Misumari ya mbao za paa. Nyumba za miaka ya 80 nyingi zilipigiliwa misumari mifupi, nafasi kubwa kubwa. Lakini paa lilipobadilishwa 2013 kanuni zilikuwa tayari zinadai plaiwudi igongelewe upya, msumari wa inchi mbili na nusu kila inchi 6. Mkaguzi lazima apige picha ya msumari uliotokeza kando ya kenchi na futi ikionyesha nafasi. Bila picha, hapati cha kuandika.

Kenchi na ukuta. Hapa ndipo pesa ilipolala. Kuna madaraja manne: msumari wa mshazari, klipu, mkanda mmoja unaopita juu ya kenchi, na mikanda miwili. Nyumba za bloku za wakati huo kwa kawaida zina mkanda wa chuma uliozikwa kwenye ringi bimu. Ili uhesabiwe mkanda, upite juu ya kenchi uanguke upande wa pili, na uwe na misumari isiyopungua miwili upande wa mbele na mmoja upande wa nyuma. Ukiishia ubavuni bila kuvuka juu, ni klipu. Na klipu yenyewe ikiwa na misumari miwili badala ya mitatu, inashushwa hadi daraja la msumari wa mshazari! Nyumba ngapi zinalipa maelfu kwa ajili ya msumari mmoja kila kenchi. Fundi anaweza kuongeza huo wa tatu kutokea ndani ya dari, au kwa kufungua ubao wa ukingo wa nje pale dari linapobana. Kumbuka daraja linaandikwa kwa kufuata kiungo dhaifu kuliko vyote, si wastani. Kenchi tatu zilizosahaulika juu ya gereji zinaangusha nyumba nzima.

Umbo la paa. La pande nne linapata punguzo, la pande mbili halipati. Mpaka ni asilimia 10 ya mzunguko wa paa. Chukua mzunguko wa futi 180: kibaraza chenye paa la pembetatu futi 16 ni asilimia 8.9, umepita. Kikiwa futi 20 ni 11.1, umeanguka. Mkaguzi mvivu anatazama kibaraza anaandika "pande mbili" anaondoka. Mwambie apime na achore.

Kizuizi cha pili cha maji. Ni utepe au karatasi ya lami inayojigandisha moja kwa moja kwenye plaiwudi, ili vigae vikipeperuka maji yasiingie kwenye maungio. Ile karatasi ya kawaida ya kupigilia haihesabiwi. Ikishafunikwa haionekani tena, kwa hiyo tafuta risiti au picha za 2013. Huna? Subiri paa lijalo, na siku hiyo mwambie fundi apige picha kabla vigae havijawekwa.

Madirisha na milango. Shata (vifuniko vya madirisha) au vioo vya kuhimili vifusi lazima vifunike kila uwazi wenye kioo, pamoja na kile kidirisha cha bafuni na kioo cha mlango wa nyuma. Ukifunika tisa kati ya kumi hupati kitu. Mlango wa gereji nao unatazamwa, ukiwa na kioo au hauna. Kwa nyumba ya kupangisha mimi huona shata ndiyo ya mwisho kwenye orodha, kwa sababu ni ghali na mpangaji ndiye atakayetakiwa kuzifunga wewe ukiwa Minnesota.

---

Wakala_Mstaafu

Fundi kasema vizuri. Nije kwenye zile njia tatu.

DP-1 usiiguse kama una namna nyingine. DP-3 inalipa hasara yoyote kwenye jengo isipokuwa iliyotajwa kuwa haimo. DP-1 inalipa iliyotajwa tu, na inalipa thamani baada ya uchakavu. Paa la miaka kumi na kitu kwenye DP-1 linalipwa kama kitu kilichokwisha nusu. Ada inashuka, ndiyo, lakini umeuza paa lako.

Halafu hata ndani ya DP-3 soma viambatanisho. Kampuni nyingi siku hizi zinaweka jedwali la malipo ya paa: kila mwaka wa umri asilimia inapungua. Unadhani una gharama ya kujenga upya, kumbe ni kwa kuta peke yake. Tazama pia kama fidia ya pango lililopotea imo na ni kiasi gani. Pango lako la mwaka ni 27,600. Ukarabati baada ya kimbunga kikubwa unaweza kuchukua miezi mingi, maana mafundi wanagombaniwa kaunti nzima. Na angalia kifungu cha sheria za ujenzi: nyumba ya 1986 ikiharibika, manispaa itadai ijengwe kwa kanuni za leo, na tofauti hiyo hailipwi bila kifungu hicho.

Asilimia ya kujibebea ni ya thamani ya jengo lililokatiwa bima, si ya hasara. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Kwa 340,000:
asilimia 2 ni dola 6,800
asilimia 5 ni dola 17,000
asilimia 10 ni dola 34,000
Vimbunga vikipiga viwili mwaka mmoja na kampuni ni ile ile, kwa Florida kiasi hicho unakibeba mara moja kwa mwaka wa kalenda. Na kinaanza tu kama Kituo cha Taifa cha Vimbunga kimetoa tahadhari au onyo la kimbunga kwa sehemu yoyote ya Florida, hadi saa 72 baada ya la mwisho kuondolewa. Dhoruba isiyofikia kimbunga inatumia kile kiasi cha kawaida, mara nyingi dola 1,000 au 2,500.

Soko la ziada si uhuni, ni halali. Lakini kampuni ikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo (FIGA) haukulipi. Kampuni zenye leseni ya kawaida zikianguka, FIGA inalipa hadi 300,000, na nyongeza ya 200,000 kwa jengo na vilivyomo. Tena soko la ziada lina kodi yake juu ya ada, na mara nyingi ukivunja mkataba mapema robo ya ada hairudi.

Njia ya nne ambayo wakala wako hakuitaja ni Citizens, kampuni ya jimbo. Muulize kwa nini. Sharti ni kwamba ukipata kampuni binafsi isiyozidi bei ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, Citizens haikupokei. Ukipokelewa, waambie waziwazi mpangaji anaishi humo zaidi ya miezi tisa kwa mwaka na upeleke mkataba wa upangaji. Nyumba ya namna hiyo inahesabiwa makazi ya kudumu, na nyongeza ya kila mwaka ina kikomo: asilimia 14 mwaka 2025, 15 kuanzia 2026. Ikiandikwa kama ya wageni wa siku mbili tatu, kikomo kinaruka hadi 50. Tiki moja kwenye fomu inaamua hilo.

Barua ya kampuni nyingine kutaka kukuchukua kutoka Citizens usiitupe. Usipoijibu unahamishwa. Na mwaka wa hasara kubwa Citizens ina haki ya kuwatoza wateja wake nyongeza, ingawa ina mpaka.

---

Mpangishaji_Pinellas

Nashukuru sana wakuu. Kupanda asilimia 10 wakala anasema kutaniokolea dola 1,150 kwa mwaka. Nimeshawishika kidogo, kwa vile nyumba haijawahi kuharibika. Halafu benki itakubali?

---

Mama_Hesabu

Kaka, piga hesabu kabla hujashawishika. Kutoka asilimia 2 kwenda 10 unajitwisha dola 27,200 zaidi ili uokoe 1,150. Gawanya: miaka 23 na miezi kadhaa bila kimbunga kikubwa ndipo uwe sawa. Ghuba ya Tampa, hapo Pinellas ilipo, imeepuka pigo la ana kwa ana kwa muda mrefu, lakini mwaka 2024 peke yake, vimbunga Helene na Milton vilipishana kwa wiki mbili. Asilimia 5 ni jambo la kuulizia bei. Kumi ni ya mwenye dola 34,000 zilizokaa benki na hazina kazi nyingine.

Benki nyingi zinaweka ukomo, mara nyingi asilimia 5, kwa hiyo waulize kwa maandishi. Na usijaribu kukaa bila bima huku mkopo ungali hai. Benki itakukatia yake ya lazima, ambayo ni ghali zaidi na inalinda mkopo wao, si pango lako wala dhima yako mpangaji akianguka ngazini. Wanatakiwa kukutumia barua siku 45 kabla ya kukutoza, kisha ya ukumbusho. Ukiwa umehama makazi, hakikisha anwani ya barua ni ya Minnesota, maana barua hizo zikienda Pinellas Park mpangaji atazikusanya kwenye droo.

Kama benki inalipa bima kupitia akaunti ya eskro (fedha za bima na kodi unazoichangia kila mwezi pamoja na rejesho), jiandae kwa pigo la pili. Ada imepanda 2,300, yaani dola 191.67 kwa mwezi kwenda mbele, na juu yake wanakukata pengo la mwaka huu, kwa kawaida kwa miezi 12. Rejesho linaweza kupanda karibu mara mbili ya ulivyotegemea kwa mwaka mmoja kisha lishuke.

Kwenye kodi ya mapato, ada yote ya nyumba ya kupangisha ni gharama, inaingia Schedule E (fomu ya kodi ya mapato ya pango). Ukaguzi na misumari ya klipu nayo kwa kawaida inaingia kama gharama za nyumba. Paa jipya ni jingine, hilo linapunguzwa thamani kwa miaka 27.5.

Ada haiwezi kuhamishiwa kwa mpangaji katikati ya mkataba. Subiri uishe. Unachoweza kumdai kwenye mkataba mpya ni bima yake ya mpangaji, kwa sababu vitu vyake haviko kwenye DP-3 yako, na siku paa likivuja atakugeukia wewe.

---

Galveston_Boi

Ikiwa mtu anasoma hii akiwa na nyumba pwani ya Texas, mambo ni tofauti. Kaunti 14 za pwani na kipande cha Harris mashariki ya barabara ya 146, kampuni nyingi zinauza bima isiyo na upepo, na bima ya upepo unaikata TWIA, chama cha bima ya upepo cha Texas. Bila hati ya WPI-8 (ya kuthibitisha ujenzi unahimili upepo) kwa jengo au paa lililotengenezwa tangu 1988, TWIA inakataa. Fundi akimaliza paa bila mhandisi kupita, hati hiyo kuipata baadaye ni kazi. Na kimbunga kikishaingia Ghuba hawaandiki mkataba mpya. Endeleeni.

---

Mafuriko_Kwanza

Naona hakuna aliyegusa maji. DP-3, DP-1, Citizens, TWIA, zote hazilipi maji yanayopanda kutoka baharini au mtaroni. Helene 2024 ilitua mbali, kule Big Bend, lakini iliijaza Pinellas maji ya bahari. Wengi waliokuwa na bima ya upepo tu walibaki wanatazama kuta zimelowa.

Bima ya mafuriko ya serikali kuu, NFIP: jengo hadi dola 250,000, vilivyomo hadi 100,000, na unasubiri siku 30 kabla haijaanza. Kwa nyumba ya kupangisha kuna mambo matatu wanayoyasema kwa sauti ndogo. Kwanza ada ya ziada ni dola 250 badala ya 25, kwa kuwa wewe mwenyewe huishi humo. Pili, haikulipi gharama ya kujenga upya, inatoa uchakavu, kwa sababu malipo kamili ni ya nyumba anayoishi mwenye bima. Tatu, pango lililopotea halimo kabisa. Kampuni binafsi za mafuriko huwa na vifungu bora kwa wapangishaji, ulizia bei zote mbili siku moja.

Kingine ni kanuni ya asilimia 50. Nyumba ikiwa kwenye eneo la mafuriko na chini ya kimo kinachotakiwa, ukarabati ukifikia nusu ya thamani ya soko ya jengo (si ya kiwanja), manispaa inakulazimisha uiinue au uibomoe. NFIP ina kifungu cha hadi dola 30,000 kusaidia hilo. Kuinua nyumba ya bloku iliyokaa kwenye zege, 30,000 ni mwanzo wa hesabu. Jua kiwanja chako kiko eneo gani kabla hujatumia hela kwenye misumari.

Na kama una mpango wa Citizens, bima ya mafuriko inakuwa sharti kwa mikataba yenye upepo, imekuja kwa awamu, kwanza nyumba za eneo la mafuriko kisha zile ghali, na 1 Januari 2027 inawafikia wote.

---

Mpangishaji_Pinellas

Sawa. Ule mpango wa jimbo wa kusaidia kuimarisha nyumba, My Safe Florida Home, nitaweza kuutumia kwa misumari na shata? Na nianze lini? Mkataba unaisha wiki sita zijazo.

---

FundiPaa_727

My Safe Florida Home ni kwa anayeishi nyumbani kwake mwenye msamaha wa kodi wa makazi. Nyumba ya kupangisha haimo, usipoteze jioni yako kwenye ile tovuti.

Wiki sita zinatosha ukianza kesho. Agiza ukaguzi wa upepo na ule wa vitu vinne (paa, umeme, mabomba, kiyoyozi) kwa mkaguzi mmoja siku moja, bei inashuka. Mpangaji apewe taarifa mapema na kabati lenye mlango wa dari liondolewe vitu, la sivyo mkaguzi anarudi bila picha. Nyumba ya 1986: mwambie aangalie mabomba kama ni yale ya plastiki ya kijivu, na jina kwenye swichibodi. Ikiwa ni Federal Pacific au Zinsco, kampuni nyingi zitakataa hata paa likiwa la chuma. Kubadilisha swichibodi, fundi umeme mwenye leseni na kibali, fanya kabla ripoti haijatumwa, kisha ripoti iandikwe na picha za mpya.

Ripoti ya upepo ikija, soma kipengele cha kenchi kwanza. Ikisema msumari wa mshazari huku picha inaonyesha klipu yenye misumari miwili, leta fundi aongeze wa tatu, mkaguzi arudi apige picha tena. Ikitoka klipu au mkanda, tuma fomu kwa kampuni uliyonayo sasa na kwa mawakala wawili wa kujitegemea, wote wapewe karatasi zile zile: jengo 340,000, asilimia 2 na asilimia 5, pango lililopotea limo, jedwali la paa halimo. Usilinganishe bei ambazo vifungu vyake havifanani.

Kampuni mpya ikikubali, subiri hati ya kuthibitisha mkononi ndipo uivunje ya zamani. Kama ni kati ya Juni na Novemba tazama ramani ya vimbunga kila asubuhi, kwa sababu dhoruba ikikaribia mawakala wote wanafungiwa kuandika, na hapo itakubidi ulipe 6,200 uendelee na uliyonayo.